Kamba ya Mbuzi, Kamba ya Mtu

Jumatatu, 13 Januari

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya anatomia, na anatomia imenitapika. Nimeligeuza juu chini, naandika kuanzia nyuma. Huku sichori mfupa hata mmoja.

Nimefeli mtihani wa mdomo. Mimi Edina, ninayekaa mstari wa mbele tangu Oktoba, niliyewacheka wenzangu kwamba wanakariri vitu wasivyovijua.

Chuo chetu kina maiti moja ya kujifunzia na wanafunzi sitini na wanne. Ukitaka kuona ubongo unaishia kuona mgongo wa mwenzako. Lakini mimi nilikuwa na njia yangu. Naishi Makole, hapa Dodoma, kwa mama mdogo Anyesi, ambaye ana kibanda cha supu ya kichwa cha mbuzi. Kila alfajiri mume wake, baba mdogo Bartolomayo, anapasua vichwa kwa shoka dogo, anakata na mifupa ya mgongo. Kuanzia wiki ya pili ya muhula nikawa nakaa na glavu zangu kwenye kigoda, upande wa kushoto wa mama mdogo, najifunza kwa vidole. Ubongo una tando tatu. Wa kwanza ni mgumu, umeng'ang'ania fuvu, na ukiuvuta unasikika ukichanika. Wa pili ni mwembamba kama wa buibui, na chini yake kuna maji. Wa tatu umekumbatia ubongo wenyewe mpaka kwenye mikunjo, huuvui bila kutoka na nyama. Kitabu kinaziita dura, araknoidi na pia. Mama mdogo anaziita koti, shimizi na ngozi.

Leo mbele ya Mwalimu Anyitike na mwenzake nilizimwaga zote tatu bila kumeza mate. Mwalimu Anyitike akatabasamu kabisa. Akasema, "Vizuri. Sasa shuka mgongoni. Ile kamba ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, inaishia wapi?"

"Kwenye nyonga, Mwalimu. Karibu na mkia."

"Karibu na nini?"

"Mkia."

Mwalimu wa pili alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Mwalimu Anyitike hakucheka, na hapo ndipo nilipoumia. Akaniuliza taratibu, "Edina, unanisimulia habari za mnyama gani?"

Nina sapu, mtihani wa marudio, tarehe 14 Machi. Nikifeli tena narudi kijijini kwetu Gulwe nikapungie treni mkono.

Nilipofika kibandani mama mdogo akauliza, "Mwanangu, imekuwaje?" Nikamjibu mbele ya wateja, "Mbuzi wenu wamenifelisha." Kesho sishiki kichwa cha mtu wala cha mnyama.

Jumanne, 14 Januari

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kibandani.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeshinda maktaba. Haya, ukweli ndio huu, na naandika kwa kuwa hakuna atakayeusoma. Kwa mbuzi kamba inashuka mpaka kwenye nyonga. Nilichokiona kwa macho yangu sikukikosea. Ila kwa mtu mzima kamba inakoma mapema, juu kidogo ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini ule mfuko wa tando unaendelea, lakini ndani yake mna maji tu na nyuzi za fahamu zinazoelea, kama mkia wa ng'ombe uliotumbukizwa kwenye ndoo. Nilimjibu mwalimu kwa kutumia mbuzi. Hakuna mwanafunzi mwingine Dodoma nzima angeweza kukosea namna hii.

Mama mdogo kaniwekea chakula, ugali wa uwele na mlenda. Nimekula nimenuna.

Jumatatu, 20 Januari

Mama mdogo analalamika sikio la kushoto. Ametia mafuta ya alizeti ya vuguvugu.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua. Barabara ya kwenda Nzuguni imekatika kwa maji, wenzangu watatu hawakufika darasani. Sikio bado.

Jumapili, 26 Januari

Mama mdogo alikwenda kanisani na pamba sikioni. Jirani alimsalimu mara tatu ndipo akaitika. Pamba aliyoitoa ilikuwa na usaha na harufu. Baba mdogo akasema, "Nenda hospitali, mwanamke." Akajibu, "Nikienda mimi, supu atapika nani? Wewe na chumvi yako?"

Jumatano, 29 Januari

Mama mdogo alikuja na tochi ya simu mlangoni kwangu. "Edina, hebu nichungulie humu. Si ndiyo mnayosomea?" Nilikuwa nimezungukwa na vitabu. Nikamwambia, "Mama mdogo, nina mtihani." Akasema haya, akazima tochi.

Jumamosi, 1 Februari

Leo kibanda hakikufunguliwa. Tangu nihamie hapa sijawahi kuona. Anasema kichwa kinamgonga na mwanga unamchoma macho. Amemeza panadoli. Nje mvua haikati.

Jumatatu, 3 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi.

Saa kumi na mbili asubuhi baba mdogo alinigongea. "Anyesi anaongea na marehemu mama yake." Nikaenda. Mama mdogo alikuwa amelala ubavu, amechomwa na homa, anaongea Kigogo na mtu aliyeko ukutani. Nikaweka mkono kisogoni nimwinue anywe maji. Shingo ikakataa. Kichwa na mabega viliinuka pamoja kama ubao.

Hapo ndipo yote niliyosoma yakanirudia, na yalirudi kwa fujo. Juu ya sikio la ndani kuna dari la mfupa, jembamba kama ganda la yai. Juu ya dari kuna koti, kisha shimizi, kisha ngozi. Usaha umekaa pale chini wiki mbili unabisha hodi. Na mimi, daktari wa vichwa vya mbuzi, niliombwa nichungulie nikasema nina mtihani.

Tulimfikisha hospitali saa moja na nusu. Daktari ni kijana, anaitwa Mudrick, ana sauti ya upole na viatu vyenye tope. Alimkunja shingo, alimkunja goti, akamulika macho, akaagiza dawa ya mshipa hapohapo bila kusubiri kitu. Kisha akatuita pembeni.

"Mzee, mama ana homa ya uti wa mgongo. Zile tando zinazofunika ubongo zimeshambuliwa. Dawa tumeanza. Lakini wadudu wanaoleta hali hii ni wengi, wako wa kawaida, wako wa kifua kikuu, wapo hata wa fangasi, na kila mmoja ana dawa yake. Kumjua tunahitaji kuchukua maji kidogo ya mgongoni kwa sindano. Naomba ridhaa yako."

Baba mdogo hakufikiria hata dakika. "Hapana."

"Mzee..."

"Nimesema hapana, daktari. Dawa mpe zote. Mgongo usiguse."

Nilimwangalia nikaona ukuta. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia mbele ya daktari, "Baba mdogo, unamuua." Alikwenda akakaa chini ya mti wa mwarobaini nje ya wodi, mvua inamdondokea, kofia mkononi.

Nimeandika hapo juu kwamba niliona ukuta. Nilichokuwa nakiona ni mtu anayelia asiyetaka kuonekana, lakini leo asubuhi sikulijua hilo.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya pili ya dawa, homa ipo palepale. Mama mdogo hanijui. Dokta Mudrick alisema, "Tunapiga gizani. Kama ni mdudu asiyesikia dawa hii, tunapoteza muda, na muda wenyewe hana." Kisha akanigeukia. "Wewe si mwanafunzi? Ongea naye. Sisi wa makoti meupe ameshatufunga mlango."

Nilimkuta baba mdogo chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika marahaba bila kuinua uso. Nikakaa chini kwenye tope, sketi ya chuo na yote.

Nikamwambia, "Nisamehe kwa maneno ya jana. Niambie tu, unaogopa nini?"

Alikung'uta maji kwenye kofia. Kisha akasema, "Edina, nimechunga mbuzi Gulwe kabla sijaota meno ya pili. Mbuzi akipigwa fimbo hapa kiunoni, anakokota miguu ya nyuma mpaka unamchinja. Nimekata migongo kwa shoka miaka kumi na tisa. Kamba ile naijua kuliko huyo kijana. Inashuka yote, mpaka kwenye mkia. Sasa anataka kuchoma sindano kiunoni kwa mke wangu. Atamchoma kwenye kamba. Mungu akimchukua Anyesi nitalia nizike. Lakini nikitia saini kwa mkono huu halafu asitembee tena, nitakuwa namwangalia vipi kila asubuhi?"

Tangu jana nimemwona mkaidi. Kumbe alikuwa anakataa kwa elimu yake, na elimu yake ilikuwa sahihi kabisa, kwa mbuzi.

Nikasema, "Baba mdogo, unajua kwa nini nilifeli?"

"Ulisema mbuzi wetu walikufelisha."

"Mwalimu aliniuliza kamba inaishia wapi. Nikajibu karibu na mkia. Nilijibu hivi ulivyosema wewe sasa hivi, neno kwa neno. Wakanicheka."

Akainua uso. "Wakacheka nini? Si ndivyo ilivyo?"

"Kwa mbuzi ndivyo. Mtu ni tofauti. Simama nikuonyeshe."

Akasimama. Watu waliokuwa wanasubiri zamu walitutazama, na liwalo na liwe. Nikaweka mikono juu ya mifupa ya nyonga yake, huku na huku, nikaleta vidole gumba katikati ya mgongo. "Daktari anachoma usawa wa hapa, kati ya mfupa na mfupa." Nikapandisha kidole, mfupa mmoja, wa pili, mpaka kamba inapokoma. "Kamba yako imeishia huku juu. Kuanzia hapa kushuka ni koti na shimizi tu vinaendelea, na maji ndani, na nyuzi. Nyuzi zinaelea. Sindano ikija zinasogea pembeni, kama mlenda unavyoukimbia mwiko. Anachota maji matone machache, anatoka. Kamba haigusi kwa sababu haipo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Wewe uliyefeli?"

Lo, mzee huyu. Ilinichoma, lakini nilijibu. "Nilifeli swali hilohilo, baba. Ndilo swali pekee katika kitabu kizima ambalo sitalikosea tena mpaka nife."

Akavaa kofia. Akaenda moja kwa moja kwa Dokta Mudrick, akageuka akampa mgongo, akajishika kiunoni pale nilipomshika. "Daktari, kwa mtu, kamba inafika hapa?"

"Haifiki, mzee. Inakoma juu yake."

"Nataka nimshike mwenyewe wakati unachoma."

"Utanisaidia sana. Anatakiwa akunjwe sawasawa."

Akaweka saini. Jina lake lote, Bartolomayo, herufi moja moja, kama mtu anayevuka korongo.

Kitabuni nimeona picha nyingi za wauguzi wakimkunja mgonjwa. Sijaona aliyemshika vile. Mkono mmoja nyuma ya shingo, mmoja nyuma ya magoti, paji la uso wake kwenye paji la mama mdogo, anamwambia kwa Kigogo tulia, tulia mama, mbukwa, mbukwa, kama anamsalimia mgeni aliyechoka njiani. Sindano ilipita ngozi, ikapita nyama. Kisha Dokta Mudrick akasimama kidogo, akasema polepole kwa ajili yangu, "Hapa ndipo dura." Lile koti la mama mdogo. Nikayaona maji. Badala ya kuwa safi kama ya chemchemi, yalitoka meupe kama ya kuoshea mchele.

Sindano ilipotoka, kila mtu alitazama ile chupa ndogo isipokuwa baba mdogo. Yeye alifunua shuka miguuni. Akaufinya unyayo wa mke wake. Mguu ukavutwa. Akafinya wa pili, nao ukavutwa. Akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa kofia.

Saa kumi jioni maabara wakaleta majibu. Kifua kikuu hapana, fangasi hapana. Ni mdudu wa kawaida ila wamejaa tele, na daktari anahisi wameizoea dawa ya kwanza. Ameongeza ya pili.

Jumatano, 5 Februari

Hakuna jipya. Mvua.

Alhamisi, 6 Februari

Hajanijua. Homa imeshuka kidogo, au natamani tu ishuke.

Ijumaa, 7 Februari

Homa imeshuka. Muuguzi amepima mara mbili kwa sababu nilimsumbua. Maabara wamethibitisha, mdudu aliizoea dawa ya kwanza, na hii ya pili anaiogopa.

Jumamosi, 8 Februari

Ameamka! Saa tatu asubuhi, nikiwa namfuta uso, akafungua macho akanitazama, akamtazama baba mdogo, akatazama dari. Neno lake la kwanza: "Nani yuko na sufuria?"

Baba mdogo akasema, "Kibanda kimefungwa, mama."

"Siku ngapi?"

"Nane."

"Mmenimaliza," akasema, akalala tena, safari hii usingizi wa kweli. Mimi na baba mdogo tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza nje. Huko nje jua lilikuwa limetoka, la kwanza wiki hii.

Jumanne, 11 Februari

Nimemwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu, "Ulikuja na tochi, mama mdogo. Nikasema nina mtihani." Nikalia kama mtoto.

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Sogea upande huu, sikusikii vizuri." Nikarudia. Akanishika kidevu. "Mimi mwenyewe nilipaswa kwenda hospitali tangu siku ya kwanza. Baba yako mdogo alinifukuza niende, nikamcheka na chumvi yake. Kosa tumegawana, usilibebe lote utapinda mgongo."

Jumamosi, 15 Februari

Wamempima masikio. La kulia zima. La kushoto halisikii, na Dokta Mudrick hakutudanganya, amesema huenda lisirudi. Mama mdogo akauliza, "Miguu je?" Miguu mizima. "Mikono?" Mizima. "Ulimi?" Baba mdogo akajibu yeye, "Huo haukuguswa kabisa, kwa bahati mbaya." Wodi nzima ilicheka. Baadaye nilimkuta mama mdogo amefunika sikio zima kwa kiganja, anajaribu la kushoto, midomo imekaza. Aliponiona akatoa mkono haraka.

Alhamisi, 20 Februari

Yuko nyumbani. Mvua imepungua. Huko mjini wameanza kuuza zabibu.

Jumamosi, 22 Februari

Nimerudi kibandani alfajiri na glavu. Baba mdogo kanisogezea kichwa.

Jumapili, 2 Machi

Baba mdogo amekuwa mwalimu, Mungu atunusuru. Mteja mmoja, fundi umeme, alisema kaka yake amelazwa na ndugu wameikataa sindano ya mgongo. Baba mdogo akaweka shoka chini. Akainua mgongo wa mbuzi wenye kamba nyeupe ndani, akamwonyesha inavyoshuka mpaka chini. Kisha akamgeuza yule fundi, bakuli la supu mkononi, akamshika nyonga. "Huyu ni mbuzi. Wewe si mbuzi. Kamba yako imekoma hapa." Foleni nzima wakaanza kujishika viuno. Nilitamani Mwalimu Anyitike apite barabarani dakika ile.

Yule fundi aliacha supu nusu, akaenda hospitali.

Jumatatu, 10 Machi

Nasoma. Mama mdogo ananiuliza maswali kutoka kitabuni, yeye asiyejua Kiingereza, anasoma herufi kama zilivyo. Nikijibu ananitazama macho aone kama nasema kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Chumba kilekile, walimu walewale, meza ileile. Mwalimu wa pili alishaanza kutabasamu nilipoingia.

Tando za ubongo nilitaja. Maji yanapotengenezwa na yanapopita nilitaja. Usaha wa sikio unavyoweza kupanda mpaka kwenye tando, nilieleza mpaka Mwalimu Anyitike akaacha kuandika. Akauliza, "Na kamba, Edina, inaishia wapi?"

Nikasimama. Sikuambiwa nisimame. Nikaweka mikono nyongani mwangu, vidole gumba katikati, nikapanda mfupa mmoja, wa pili. "Hapa, Mwalimu, kwa mtu mzima. Chini yake ni tando, maji na nyuzi, ndiyo maana tunachoma huku chini bila kumlemaza mgonjwa. Kwa mbuzi inafika nyonga, na usimcheke mtu anayesema hivyo. Muulize kwanza amejifunzia wapi. Mtu wa aina hiyo akielezwa vizuri anaelewa haraka kuliko sisi."

Mwalimu wa pili hakucheka safari hii. Mwalimu Anyitike akauliza, "Wewe nani alikufundisha?"

"Baba mdogo na mama mdogo. Na daktari mmoja mwenye tope viatuni."

"Umefaulu. Niitie anayefuata."

Nilikimbia kutoka chuoni mpaka Makole, viatu mkononi. Mama mdogo alikuwa ameinama kwenye moto anababua vichwa vya kesho. Nikakaa kwenye kigoda changu cha siku zote, nikamsogelea, nikamwambia sikioni, "Nimefaulu, mama."

Akaendelea kugeuza kichwa juu ya moto kana kwamba hakuna mtu.

Nilikuwa kushoto kwake. Nikainuka, nikazunguka upande wa pili, nikachuchumaa, nikasema tena. "Mama. Nimefaulu."

Aliacha koleo. Akanishika uso kwa mikono yote miwili yenye masizi, akacheka, akalia, akamwita baba mdogo kwa sauti iliyofika barabarani. Halafu akanyoosha mkono kushoto, akakivuta kile kigoda, akakizungusha nyuma yake na kukiweka kulia.

"Kuanzia leo utakaa hapa," akasema. "Haya, vaa glavu."